Kubisha Hodi si Kukatiza

Insha hii ni ya ugomvi, na msomaji asiyependa ugomvi na afunue kurasa za mbele, huenda akapata shairi la kumliwaza. Nagombana na watu wawili. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba Kiswahili hakina haja ya kuingia ndani ya kompyuta. Kwamba lugha yetu ni ya mashairi, hotuba na maamkizi, na kwamba mambo ya ndani ya mashine yamekwisha kuandikwa kwa Kiingereza, basi na yaachwe huko huko. Wa pili ni rafiki wa Kiswahili. Huyu apenda kukiona kikiingia kila mahali, lakini hukiingiza kwa kufungua kamusi ya Kiingereza, kutazama neno, kuandika tafsiri yake, na kwenda zake kulala. Wa kwanza ni adui mwepesi, kwa maana amesimama mbali na silaha yake yaonekana. Wa pili ndiye mzito, kwa sababu anakaa nasi nyumbani, anakula nasi, na kosa lake hupigwa chapa vitabuni kwa jina la ustawi wa lugha.

Maneno ya jumla juu ya istilahi tumekwisha kuyasikia hata yamechakaa. Kwa hiyo nachukua jambo moja tu, dogo kwa umbo na kubwa kwa maana: namna programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inavyoomba huduma kwa kiini cha mfumo endeshi. Katika vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza mashine za Intel, tendo hilo huitwa software interrupt. Mfasiri wetu afungua kamusi, aona kwamba interrupt ni kukatiza, naye aandika "ukatizaji wa programu". Nasema kwamba tafsiri hiyo ni ya uongo. Sisemi kwamba haina ufasaha. Nasema kwamba yaeleza kinyume cha jambo lenyewe. Nasema pia kwamba neno la kweli tunalo, na kila mtoto wa pwani na wa bara hulijua kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Neno hilo ni hodi.

Tuanze na jambo lenyewe, kwani ajadiliye jina la kitu asichokijua hujadili upepo.

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mnamo mwaka 1972. Na mwaka 1973 kiini cha mfumo endeshi wa Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Ni lugha iliyo karibu mno na mashine. Mwandishi wake aweza kushika anwani ya kila baiti iliyo katika kumbukumbu ya programu yake, na kuipekua apendavyo. Walakini karibu si ndani. Katika mashine ya Linux, programu ya C haiwezi kwa nguvu zake yenyewe kuandika hata herufi moja kwenye kioo, wala kusoma baiti moja kutoka diski. Sababu yake si udhaifu wa C, bali ni sheria ya kichakataji. Tangu Intel walipotoa 80286 mwaka 1982, na hasa tangu 80386 ya mwaka 1985, vichakataji vya jamaa hiyo vina madaraja manne ya mamlaka, 0 hadi 3. Linux hutumia mawili: daraja la 0 ni la kiini, na la 3 ni la programu zote za watu. Programu ya daraja la 3 ikithubutu kutoa amri iliyotengwa kwa daraja la 0, kichakataji hukiita kiini papo hapo, na aghalabu programu hiyo huuawa.

Basi raia huyo wa daraja la 3 afanyeje anapotaka kuandika neno kwenye kioo? Katika Linux ya mashine za biti 32, alikuwa na desturi yenye hatua tatu. Kwanza aliweka namba ya haja yake katika rejista iitwayo eax. Kuandika ilikuwa namba 4. Pili alipanga mizigo yake katika rejista nyingine: ebx, ecx, edx na wenzake. Tatu alitoa amri ya INT pamoja na namba 80 ya hesabu ya kumi na sita, ambayo kwa hesabu yetu ni 128. Hapo kichakataji kilihifadhi mahali alipoachia kazi, kikapanda daraja, kikaingia mahali pamoja tu palipochaguliwa na kiini. Kiini kilisoma namba, kikakagua mizigo, kikatenda au kikakataa, kikaweka jibu katika eax, kisha kikamrudisha raia pale pale aliposimama.

Kwa kawaida mwandishi wa C haendi mlangoni mwenyewe. Humtuma mshenga, nao ni utaratibu wa maktaba wenye jina la write. Akiandika write(1, "Karibu\n", 7), amesema: peleka kwenye njia ya kutokea namba 1 baiti 7, kuanzia mahali neno hili lilipo. Herufi sita ni za "Karibu", na ya saba ni alama ya kushuka mstari. Akisema 6, mstari hautashuka. Akisema 70, atakuwa ameomba vitu vya jirani vitolewe nje pamoja na vyake, na kiini, maadam mahali hapo pasomeka, kitavitoa bila kuuliza. Mshenga hupokea maneno hayo, huyapanga katika rejista, hubisha hodi, hungoja jibu, kisha hurudi nalo kwa aliyemtuma.

Nauliza sasa: ni nani aliyekatizwa katika habari hii? Programu ilikuja yenyewe, kwa wakati wake, imejitayarisha, imebeba haja yake mkononi. Ilisimama kizingitini, ikatoa sauti, ikangoja. Hapana mtu duniani amwonaye mgeni akibisha hodi akasema, "Tazama, mgeni yule amekatizwa." Na wala mwenye nyumba hakukatizwa, kwa maana kazi ya kiini ni hiyo hiyo ya kupokea haja.

Kukatizwa kwa kweli kupo, na ni kitu kingine kabisa. Mtu akibonyeza herufi kwenye kibodi, programu iliyokuwa ikijumlisha hesabu zake husimamishwa katikati ya kazi, kiini hushughulikia herufi iliyofika, kisha programu huendelea bila kujua kwamba ililala. Kadhalika saa ya mashine. Katika kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, saa iligonga mara 18.2 hivi kila sekunde, programu ipende isipende. Hapo ndipo neno kukatiza lilipo nyumbani kwake. Mkatizaji huja kutoka nje, hana miadi, mkatizwaji hakumwomba, hakumtazamia, wala hapati jibu lolote kutoka kwake. Huko ni kama kudakiza mtu maneno yake.

Tena lipo la tatu. Programu ikigawanya namba kwa sifuri, kichakataji hushindwa kuendelea na hukabidhi mambo kwa kiini. Hapa hakuna aliyekuja kutoka nje, wala hakuna aliyebisha hodi. Programu imejikwaa. Basi tuna matendo matatu: kukatizwa, kujikwaa na kubisha hodi. Mtu wa kwanza hushtuliwa, wa pili huanguka, wa tatu huomba. Mtoto wa miaka saba aweza kuyatenga matatu hayo, ila mfasiri wetu, mwenye kamusi mezani, ameyatia yote katika kikapu kimoja.

Atanijibu, nami sitaki kumpunja hoja yake iliyo bora. Atasema: "Mwalimu, waliotengeneza mashine ndio waliotia yote katika kikapu kimoja. Kichakataji cha 8086 cha mwaka 1978 kina jedwali moja lenye nafasi 256, kila nafasi baiti 4, jumla baiti 1,024, nalo limewekwa mwanzo kabisa wa kumbukumbu. Saa hupitia jedwali hilo, kibodi hupitia hilo, kugawanya kwa sifuri hupitia hilo kwa nafasi ya 0, na amri ya INT hupitia hilo hilo. Katika yote kichakataji huhifadhi bendera zake na mahali kilipofika, huruka kwenda mahali palipoandikwa katika jedwali, na hurudi kwa amri moja ya IRET. Njia ikiwa moja, jina na liwe moja."

Hoja hiyo ni ya heshima, lakini ina matobo matatu.

Tobo la kwanza: njia si msafiri. Mlango wa mbele wa nyumba hupitiwa na mgeni, na mwizi, na mwenye nyumba mwenyewe. Wala hatujasikia kabila lililowaita watatu hao kwa jina moja kwa kuwa bawaba ziligeuka kwa namna moja. Jina la tendo hufuata nia na mwenendo wa mtendaji, halifuati mbao za mlango.

Tobo la pili: njia yenyewe si moja tena. AMD walipotoa vichakataji vyao vya biti 64 mwaka 2003, programu za aina hiyo zilipata amri nyingine ya kubishia, iitwayo syscall. Amri hii haipiti katika jedwali lile hata kidogo. Anwani ya kiini huwekwa mapema katika rejista maalumu; mahali pa kurudia huhifadhiwa katika rejista ya rcx, na bendera katika r11. Jedwali la mlinganisho limekwisha kuondolewa, na mfasiri bado anasimama juu yake. Kitabu cha Kiswahili kitakachosema leo kwamba programu ya Linux ya biti 64 huomba huduma kwa "ukatizaji" kitakuwa kimekosa kwa maana, kikakosa na kwa ufundi.

Tobo la tatu ndilo kubwa: wenye neno wenyewe hawakukubaliana nalo. IBM, katika mashine zao za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, waliita tendo hili wito kwa msimamizi. Unix ya mwanzo, kwenye PDP-11, ilitumia amri ya trap, ambayo maana yake ni mtego. Intel wakaja na interrupt mwaka 1978. Watu wa ARM nao walianza na jina la kukatiza, wakaandika SWI. Baadaye wakaliacha, wakaipa amri ile ile jina la SVC, yaani wito kwa msimamizi. RISC-V huiita ecall, wito kwa mazingira. Maana yake ni kwamba Kiingereza kimejaribu majina manne au matano, na wengine wamelitupa hili la kukatiza kwa mikono yao. Sisi tukaliokota jalalani, tukalifuta vumbi, tukalitia katika kitabu.

Hapo msomaji mwerevu ataniuliza: "Kwa nini basi tusiseme wito wa mfumo, kama wasemavyo wengi wao?" Jina hilo ni afadhali, wala sitamvunjia mtu kalamu kwa kulitumia. Lakini Kiswahili kina adabu yake. Kwetu sisi aitaye ni mkubwa, na aitwaye ni mdogo. Chifu huita, mzazi huita, mahakama huita. Na wahenga walisema wito haukataliwi, hukataliwa neno. Katika mashine mambo yamepinduka: mdogo wa daraja la 3 ndiye anayemwendea mkubwa wa daraja la 0, na mkubwa ana haki kamili ya kumkatalia. Mdogo haiti mkubwa, hubisha hodi. Kiingereza hakina neno moja lenye sauti, ombi, kungoja na heshima ya kizingiti kwa pamoja. Sisi tunalo, na tunaona haya kulitumia.

Msomaji asidhani kwamba nafanya ukaidi wa majina tu. Jina baya humpotosha mwanafunzi katika kazi ya mikono yake, nami nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni jibu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba tendo hili ni ukatizaji hana sababu ya kutazamia jibu, kwa kuwa mkatizaji hajibu. Huandika programu, huomba kufungua faili, na huendelea kana kwamba faili limefunguliwa. Mwenye kubisha hodi hangeingia kabla ya kusikia karibu. Kiini cha Linux kikikataa haja hurudisha namba hasi katika rejista; mshenga wa maktaba huigeuza kuwa -1 na kuweka sababu ya kukataa katika mahali paitwapo errno. Nusu ya ustadi wa C katika mambo haya ni kusikiliza jibu hilo. Neno hodi humfundisha mtu kusikiliza kabla hajafunzwa na mwalimu.

Wa pili ni mlango. Katika mashine ya biti 64, Linux inaweza kuendelea kuupokea mlango wa zamani wa 128 kwa ajili ya programu za kale, na milango miwili haina daftari moja la namba. Kwa mlango mpya wa syscall, namba 1 ni kuandika. Kwa mlango wa zamani, namba 1 ni kuaga na kwenda zako. Mwanafunzi anayechanganya namba za mlango mmoja na kizingiti cha mwingine ataomba kuandika, naye atajikuta ameaga dunia. Fauka ya hayo, mlango wa zamani hupokea anwani za biti 32 tu. Anwani ndefu ya biti 64 hukatwa kichwa, na haja hurudishwa kwa kosa la anwani mbaya. Mwanafunzi afikiriaye kukatiza haoni kwa nini pawe na milango miwili. Afikiriaye hodi huuliza mara moja: hodi kwa nani, na kwa mlango upi?

Wa tatu ndio umalizao shauri. Programu ikiomba kusoma kutoka kibodi, na hakuna aliyeandika kitu, hungoja mlangoni. Wakati ingali yangoja, mfumo waweza kuipelekea ishara ambayo programu ilikwisha kuandaa namna ya kuipokea. Programu huishughulikia ishara hiyo. Na isipokuwa iliomba mapema kwamba haja yake ianzishwe upya, haja ile huvunjika na kurudi na kosa liitwalo EINTR, namba 4 katika Linux. Maana yake ni kwamba haja iliyokuwa ikingoja imekatizwa, na programu yapasa kuamua kama itaomba tena. Sasa namwita mfasiri wetu mbele ya darasa, namwomba alitie hilo katika Kiswahili chake. Atasema: "Ukatizaji umekatizwa." Darasa litacheka, na litakuwa na haki. Mimi nasema: "Hodi imekatizwa, bisha tena." Hapana mwanafunzi asiyeelewa, na hapana mwanafunzi atakayesahau.

Yuko atakayesema kwamba desturi hii ya mlango ni ya Linux na jamaa zake, na kwamba zamani za MS-DOS mambo yalikuwa ya kukatiza tu. Na tutazame huko. DOS ilipokea haja kwa nafasi ya 21 ya hesabu ya kumi na sita, yaani 33. Kompaila za C za siku hizo, kama Turbo C ya mwaka 1987, zilimpa mwandishi utaratibu uitwao int86, pamoja na umbo la REGS la kupangia rejista. Kuandika sentensi kwenye kioo ilikuwa haja namba 9: namba hiyo katika rejista ya AH, na anwani ya sentensi katika DX. Sentensi yenyewe ilipaswa kuishia na alama ya dola, desturi iliyorithiwa kutoka mfumo wa CP/M. C humaliza maneno yake kwa baiti ya sifuri. DOS ilitaka dola. Na mwenye kuandika bei ya kitu kwa dola aliona sentensi yake ikikomea kwenye bei. Haya yote ni adabu za mgeni mbele ya mlango wa mwenyeji: simama hapa, sema hivi, maliza hivi.

Tofauti ya DOS ni moja. Katika nyumba ya DOS mlango ulikuwepo, ukuta haukuwepo. Programu iliyochoka kubisha iliweza kuandika moja kwa moja katika kumbukumbu ya kioo, na nyingi zilifanya hivyo kwa kutafuta wepesi. Kubisha hodi kulikuwa heshima tu. Linux na mifumo ya siku hizi ilijenga ukuta, na heshima ikawa sheria. Historia nzima ya jambo hili, kutoka nyumba isiyo na ukuta mpaka nyumba yenye ukuta, husimulika kwa neno hodi bila kulilazimisha. Jaribu kuisimulia kwa neno ukatizaji, uone kama utafika hata aya ya pili.

Najua lawama nyingine iliyo njiani: kwamba hodi ni neno la barazani, la wanawake jikoni na watoto uani, wala halina uzito wa sayansi. Lawama hiyo hutolewa na mtu asiyejua kwamba majina ya sayansi anayoyastahi ni ya jikoni mwa wengine. Waingereza wakiita kiini cha mfumo kernel, wamekiita jina la punje iliyo ndani ya kokwa. Wakiita shell ile programu inayopokea amri za mtu, wameiita ganda. Mtego ni mtego wa panya, na panya naye yuko mezani, ameshikwa mkono. Hawakuomba ruhusa kwa mtu kabla ya kutia vyombo vyao vya nyumbani ndani ya mashine. Walitazama kitu, wakaona kinafanana na nini, wakakiita. Hiyo ndiyo sayansi ya kutaja. Mabaharia wetu walifanya hivyo hivyo walipotaja kila kamba na kila ubao wa jahazi kwa kazi yake, na hakuna aliyewaambia wangoje kamati.

Namrudia yule wa kwanza, asemaye tuyaache mambo ya ndani kwa Kiingereza. Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, twapiga ngoma kila mwaka, na ngoma ni njema. Lakini tazama Kiswahili tulichoitengenezea kompyuta: bonyeza, fungua, funga, kipanya, kioo, tovuti. Ni maneno ya mtu aliyesimama nje ya kitu, anakigusa ngozi. Hayo ni maneno ya mnunuzi. Na lugha yenye maneno ya mnunuzi peke yake hulea wanunuzi. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa mwanafunzi ina kiini cha Linux. Kila ipelekapo ujumbe au fedha, programu zake hubisha hodi kwa kiini hicho mara nyingi kuliko atakavyoweza kuhesabu. Nyumba ameinunua kwa fedha zake, amelala ndani yake, na hajui kwamba ina mlango wa pili. Mtoto wa Tanzania asomaye shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha avukapo kwenda sekondari hukabidhiwa kila kitu kwa Kiingereza. Afikapo chuoni amekwisha kuzoea kukariri asichokielewa. Mwambie software interrupt, atakariri. Mwambie ukatizaji wa programu, atakariri pia, maana umembadilishia sauti tu.

Hapo ndipo watu wangu wawili hukutana, ingawa wadhani wametengana. Wa kwanza humnyima mwanafunzi neno. Wa pili humpa neno lisilo na kitu ndani. Wote wawili humwacha nje ya mlango.

Wala mtu asinielewe vibaya akadhani nachukia maneno ya kuazima. Rejista ni ya kuazima, baiti ni ya kuazima, diski na programu ni za kuazima, nami nimeyatumia humu bila kuona haya. Kitabu kilitoka Uarabuni, na siku tuliyosema vitabu kikawa chetu. Mafundi wa barabara walisikia keep left, wakasema kiplefti, wakaongeza viplefti, na sarufi ikashinda. Neno la kuazima ni mgeni mwaminifu: lajulikana limetoka wapi, wala halijidai kueleza lisichokijua. Tafsiri ya uongo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huvaa kanzu yetu, husema kwa lafudhi yetu, na hudanganya.

Natoa basi shauri langu kwa wahariri wa kamusi, kwa walimu, na kwa wanafunzi ambao ndio watakaoandika vitabu vijavyo. Neno ukatizaji libaki kwa saa, kibodi, diski na vyote vijavyo kutoka nje bila miadi. Kujikwaa kuwe kwa programu iliyoshindwa na amri yake yenyewe. Hodi iwe jina la haja ambayo programu huipeleka kwa kiini kwa hiari yake, na kila hodi iwe na namba yake. Utaratibu wa maktaba uendao mlangoni kwa niaba ya mwandishi wa C uitwe mshenga. Hodi iliyokataliwa isemwe kwamba imekataliwa, na iliyokatizwa isemwe kwamba imekatizwa. Maneno hayo yote yalikuwemo lugha hii kabla ya mashine kuzaliwa. Hayakungoja ila mtu wa kuingia ndani akayatazama yafanyapo kazi.

Na asiyeridhika na maneno yangu, na alete bora. Simtaki anipinge kwa kamusi. Na aketi na mwanafunzi mmoja na kompyuta moja, aandike kwa C mistari michache ya kupeleka neno "Karibu" kwenye kioo bila mshenga, kisha aeleze kwa Kiswahili kilichotendeka tangu amri ilipotolewa mpaka jibu liliporudi, asiache hatua hata moja. Akifika mwisho na mwanafunzi ameelewa, neno lake litashinda, nami nitalifundisha.